Uwakabidhi Watu Waaminifu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu wanajumuiya.

Neno la wiki hii ni 2 Timotheo 2:2: "Na mambo yale uliyoyasikia kwangu mbele ya mashahidi wengi, hayo uwakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine." Tukae kwenye neno uwakabidhi, tukimfikiria mlei (muumini asiye padre wala mtawa) anayekwenda ugenini kusaidia elimu. Makabidhiano tunayajua: daftari, funguo, muhuri, sahihi ya anayetoka na ya anayeingia.

Novemba 1882 mapadre wamisionari waliondoka Buganda, wakaja kusini mwa Ziwa Viktoria, upande wa Mwanza. Walioachwa, akina Yosefu Mukasa, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba, walikuwa wamebatizwa mwaka uleule. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta walei wanafundishana majumbani, na idadi imeongezeka.

Mlei anayekwenda ugenini kusaidia elimu, awe mgeni aliyekuja kwetu Mbagala au kijana wetu tuliyemtuma ng'ambo, apimwe kwa hilo: je, akiondoka, wenyeji wataendelea na kazi? (Na mmisionari mlei si lazima awe Mzungu. Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za mto Niger, aliyesomea udaktari Malta, alifika Karema, Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Alitibu na kufundisha dini huko hadi kifo chake mwaka 1956.)

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni wema wa mtu mmoja. Mgeni analipia hosteli na sare kwa simu yake mwenyewe. Muda wake unaisha mtoto akiwa kidato cha tatu, na hakuna mwingine anayejua kinachodaiwa wala risiti zilipo. Mtoto anarudishwa nyumbani. Kwa hiyo mfuko wa elimu uwe na akaunti ya kikundi tangu mwezi wa kwanza, watia sahihi watatu wenyeji, wawili wakitosha kutoa fedha, na mgeni asiwe mmoja wao. Atawaudhi baadhi ya wafadhili wake, avumilie.

Jambo la pili linaumiza zaidi kwa sababu halionekani. Mgeni asiyejua lugha huwachagua viongozi wanaojua Kiingereza. Yule mama ambaye mtaa mzima humwendea wakigombana anabaki nyuma ya ukumbi, na muhtasari wa kikao unaandikwa kwa lugha asiyoisoma. Ndiyo maana pale Makoko, Musoma, wamisionari hukaa darasani wakijifunza Kiswahili kabla ya kupangiwa kazi. Miezi hiyo si ya kupotea.

Darasani nako kuna mpangilio. Akiwa na miaka mitatu, mwaka wa kwanza mgeni afundishe huku mwalimu mwenyeji akiwa naye. Wa pili wagawane vipindi nusu kwa nusu. Wa tatu mwenyeji afundishe, mgeni akae dawati la nyuma na kunyamaza hata anapoona kosa, wazungumze baada ya kipindi. Kunyamaza huku ni kugumu, na wengi hushindwa, kisha mwenyeji hugeuka msaidizi wa kudumu.

Paulo aliwaambia wazee wa Efeso kwamba kwa miaka mitatu hakuacha kuwaonya kwa machozi. Walilia akiondoka, lakini wazee walikuwapo tayari.

Jumamosi hii tusome Matendo 20:17-38 yote, polepole. Mweka hazina aje na daftari la mfuko wetu wa elimu, tuangalie pamoja ni majina ya nani yaliyoko benki.