Neno "Akazikwa"

Jumatatu ya Pasaka

Tangu utotoni nimeikiri Imani ya Mitume kila Jumapili, na kuna neno moja ambalo nimelipita mbio miaka yote hiyo. Baada ya "akasulibiwa, akafa" huja "akazikwa", lakini ulimi wangu ulikuwa ukilitamka huku moyo umeshafika kwenye siku ya tatu. Mwaka huu nimeshindwa kulipita. Majuma matatu kabla ya Pasaka tulimzika bibi yangu mzaa mama huko Rungwe, katika makaburi ya ushirika wa Moravian alikosali maisha yake yote. Nilishika koleo kwa mikono yangu, nikausikia udongo mweusi, mzito kwa mvua, ukiangukia sanduku. Sauti ile hubadilika kadiri shimo linavyojaa: mwanzoni udongo hugonga mbao, baadaye huangukia udongo mwenzake, na hapo ndipo nilipojua kwamba bibi amezikwa.

Kwa nini Kanisa lilitaka tulitamke neno hilo, wakati lingeweza kusema alikufa na kufufuka, likaishia hapo? Nimesoma tena simulizi la Yohana usiku huu. Yusufu wa Arimathaya anauomba mwili, na Nikodemo anakuja na manemane na udi, yapata ratli mia. Hakuna mtu anayebeba mzigo wa namna hiyo kwa ajili ya mtu anayetazamia kumwona akitembea Jumapili. Wazee wale wawili walizika bila kutazamia lolote. Walimfunga sanda, wakamlaza katika kaburi jipya bustanini, wakarudi makwao kabla Sabato haijaingia, na jambo walilolifanya kwa upendo mtupu, Mungu akalipokea na kulitumia. Kwangu hilo ni faraja kubwa, kwa sababu siku ile nilipokuwa nikijaza kaburi la bibi sikuhisi tumaini lolote. Nilihisi uchovu, na baridi, na hofu ya kurudi katika nyumba ambayo hayumo.

Mmoja wa wasemaji msibani alituonya tusilie, akisema kwamba machozi ni dalili ya imani haba. Alikuwa na nia njema, naamini, lakini ninadhani alikosea. Yesu alisimama karibu na kaburi la Lazaro akijua vema atakalolitenda muda mfupi baadaye, na bado akalia machozi. Paulo naye, alipowaandikia Wathesalonike habari zao waliolala mauti, aliwataka wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini", maneno ambayo hayamzuii mfiwa kuhuzunika hata kidogo, bali yanampa mahali pa kusimama anapohuzunika.

Jana saa kumi na nusu alfajiri tulirudi makaburini, kama ushirika wetu ufanyavyo kila Pasaka. Desturi hii ni ya kale: mwaka 1732 vijana wa Kanisa la Moravian huko Herrnhut, Ujerumani, walikwenda kuimba makaburini kabla jua halijachomoza siku ya Pasaka, na wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, wakiwa na Theodor Meyer, walitoka katika kanisa hilohilo. Wamoravian wa kule huyaita makaburi yao Gottesacker, yaani shamba la Mungu, na mawe ya makaburi hulazwa bapa chini, la tajiri sawa na la maskini. Sidhani kama bibi aliwahi kulisikia jina hilo, lakini asingehitaji kufafanuliwa, kwa kuwa alikuwa mkulima.

Siku chache baada ya mazishi, mama mkubwa alikuta uvunguni mwa kitanda cha marehemu ndoo ya maharage ya mbegu, yaliyochanganywa na majivu ili yasiliwe na wadudu. Bibi, ambaye miezi ya mwisho hakuweza kushika hata kikombe, alikuwa ameweka akiba ya msimu ambao hakuuona. Tuliyapanda juma lile lile. "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu": maneno hayo yalisomwa siku ya mazishi, nami niliyasikia kama mtu anayesikia mvua juu ya bati. Nikiwa nimeinama shambani na mbegu kiganjani, niliyaelewa kidogo, ingawa mfano huo nao una ugumu wake. Maharage huchomoza baada ya juma moja na kila apitaye huyaona. Kaburi halionyeshi kitu, nasi tunatakiwa kulingoja kwa neno la Mungu peke yake.

Jana tuliimba gizani, tukishikilia taa za simu na miavuli, hadi ukungu ulipoanza kuwa mweupe na misalaba ikaonekana mmoja baada ya mwingine. Tulipofika kwenye Imani ya Mitume nilisema "akazikwa" taratibu, nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliweza kuendelea na maneno yanayofuata bila sauti kukatika.

Baada ya ibada tuliona kwamba udongo umetitia upande wa kichwani kwa sababu ya mvua. Mjomba alisema tusijengee saruji mpaka masika yaishe, kisha akaenda kuazima jembe nyumba ya jirani, nasi tukaongeza udongo.