Hotirodi yangu: inawaka, inatembea, ila haijaisha

Ukishaweka injini kwenye chesisi, bodi ikakaa juu, matairi yakagusa chini, kila anayepita anakwambia hongera umemaliza. Mi nilikuwa naitikia tu asanteni, ila najua bado, maana kwenye hotirodi, yaani gari ya umbo la zamani unayoiunda upya na injini yenye nguvu, kazi ngumu haionekani, iko kwenye vitu vidogo vya mwisho na kila kimoja kina kisirani chake. Naandika nilivyovivuka, labda kuna mtu amefika hapo na gari inamsumbua.

Yangu ni bodi ya faiba, umbo la Ford ya 1932 isiyo na paa, chini chesisi ya chuma na injini ya Chevrolet V8 (silinda nane) 350 ya kabureta. Mchanganyiko wa kawaida sana huu. 1932 ndo Ford walitoa V8 kwenye gari ya mtu wa kawaida, hospawa 65 tu, vijana wa Marekani wakaipenda, wakavua madgadi kupunguza uzito, halafu Chevrolet walipoleta V8 yao ndogo 1955 wengi wakahamia huko. Sasa we unachukua umbo la zama moja, injini ya zama nyingine, difu, breki na geji za kutoka kwingine kabisa, usitegemee vitaelewana vyenyewe.

Kilichonisaidia kuliko chochote ni kufunga gari nzima bila rangi, mpaka bolti ya mwisho, ndo nikaifungua tena ikaenda kwenye rangi. Watu wanaona unapoteza muda. Ila chukua mfano wa milango, bodi ya faiba inafuata chesisi inavyopinda, ukipanga nafasi za milango gari ikiwa tupu halafu ukaja kuweka injini, giaboksi, viti na betri, kila kitu kinahama. Mi nilipanga uzito wote ukiwa tayari juu yake, nafasi ya milimita nne hivi kuzunguka mlango mzima, kipimo changu kijiti cha kukorogea rangi, nikawa naongeza na kupunguza vibati pale bodi inapofungwa kwenye chesisi mpaka kijiti kikapita sawasawa juu mpaka chini. Na mpira wa mlango ujaribu hapo hapo kabla ya rangi! Mlango uliokuwa unafunga kwa kusukuma na kidole, nilipobandika mpira ukagoma, ukabaki umetokeza nje kama vile sikupanga kitu, ikabidi nitafute mpira mwembamba zaidi, ule laini unaobonyea. Ingekuwa rangi imeshapigwa hapo ningelia.

Rangi yenyewe sina mengi. Klia, ile ya juu kabisa inayoonyesha chini kama kioo, ikikauka inabaki na vipele vipele, unasugua na msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha 3000, ndo polishi. Kingo zote piga tepu kwanza maana klia huwa nyembamba pale, ukipita na msasa mara mbili tatu umeshatoboa.

Haya, umeme. Hapa ndo nilikaa sana. Chesisi ilipigwa ile rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri, ikatoka nzuri balaa, ngumu, inang'aa kila kona mpaka ndani ya matundu ya bolti. Nikafunga kila kitu, betri mpya, nikazungusha funguo, stata inaguna tu kama imechoka. Nikarudia. Ghafla nasikia harufu ya plastiki, kushika kebo ya akselereta ni ya moto, kava yake imeanza kulainika. Kebo ya akselereta jamani, haina uhusiano wowote na umeme! Ila ukifikiria unaelewa, injini imekaa juu ya mipira, chesisi imefunikwa na rangi isiyopitisha umeme, kwa hiyo ule umeme wote wa stata unatafuta njia ya kurudi kwenye betri, na njia pekee ya chuma kwa chuma iliyobaki ilikuwa kale kawaya kembamba.

Usikisie hapo, usikimbilie kununua stata. Chukua multimita, weka kwenye volti, ncha moja kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mtu azungushe funguo huku we unasoma. Ikizidi nusu volti ethi yako, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni mbovu. Yangu ilipita nne. Nikakwangua rangi ya chesisi pale ethi inapofungwa mpaka chuma cheupe, nikaweka wosha yenye meno, kebo nene kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye bloku, na nyingine kutoka bloku mpaka chesisi, juu nikapaka grisi isishike kutu. Stata ikazunguka mpaka nikaogopa.

Na kwenye faiba kazi haijaisha, kwa sababu bodi haipitishi umeme kabisa, kila taa inataka waya wake wa ethi. Ukiona ukiwasha indiketa na taa za dashibodi nazo zinacheza, zinagombania ethi. Mi niliweka bolti moja ya shaba nyuma ya dashibodi, ethi zote zikaishia pale, na kutoka pale waya mnene mpaka kwenye chesisi.

Geji ya mafuta nayo ilinichekesha, tenki tupu geji inasema imejaa mpaka imepitiliza. Shida ni omu, kile kipimo cha ukinzani wa umeme. Geji zangu zinataka kifaa cha kwenye tenki kinachosoma omu 240 tenki likiwa tupu na 33 likijaa, na kilichokuja na tenki ni cha mfumo wa zamani wa GM, 0 tupu na 90 ikijaa. Geji ikiona 0 inajua kumejaa. Nilibadilisha cha kwenye tenki, geji nikaziacha maana ni seti moja. Pima omu kabla hujafunga tenki, ni dakika tu.

Breki sasa. Kwenye gari hizi mastasilinda, ile pampu kuu ya breki, inakaa chini ya sakafu, chini kuliko silinda za kwenye magurudumu, kwa hiyo mafuta ya breki yanarudi taratibu. Nilitoa hewa nikatoa tena, pedali inakuwa ngumu vizuri, nikiiacha gari ipumzike nikirudi pedali inazama, mpaka nipampu ndo inashika. Haikuwa hewa. Dawa yake ni vivalvu vidogo vya kubakiza presha kwenye paipu, psi 2 upande wa breki za sahani na psi 10 upande wa breki za dramu, usivichanganye, ukiweka ya 10 kwenye sahani breki zitakuwa zinaburuta na kuchemka. Tangu nimeviweka pedali iko juu muda wote. Na ukiwa unatoa hewa funika bodi yote, mafuta ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi, tone likidondoka mwagia maji mengi, usilisugue na kitambaa.

Joto halikunisumbua sana. Ilikuwa inachemka ikisimama, ikitembea inapoa, na hiyo maana yake ni upepo wa feni, rejeta ni nzima. Nikaweka kava linalofunika rejeta nzima ili feni ivute kupitia kote, badala ya lile duara lake tu, nikaziba na matundu ya pembeni, sindano ikatulia.

Kapeti bado sijaigundisha, nimeilaza tu. Bolti za bodi zinapita sakafuni, na faiba ikianza kuzoea uzito zinalegea, kwa hiyo nikirudi safari nafunua, nakaza, narudisha. Mara ya mwisho ya nyuma kushoto ilikubali robo mzunguko, zingine zilikuwa zimekaa.