Kuku aliyelalia Fender

Hii ni 2014, enzi hizo nimepanga chumba kimoja Mabatini, nusu kitanda nusu maampu mabovu, yaani yale maboksi ya kukuza sauti ya gitaa, na mtu yeyote Mwanza aliyekuwa na redio ya babu au kinanda kilichokufa walikuwa wanamwelekeza kwangu, "mpelekee yule jamaa wa vyombo vya kizamani". Sasa siku moja kijana mmoja anayeleta dagaa Mwaloni pale Kirumba akanifuata akaniambia kwao Ukerewe kuna bibi ana spika ya gitaa ya marehemu mumewe, kubwa, nyuma ina glasi glasi. Neno hilo la glasi tu lilininyima usingizi. Sisi wagonjwa wa hivi vitu tukisikia glasi tunajua ni valvu, zile chupa za glasi kama balbu zinazokuza sauti kwenye ampu za zamani, na gitaa likipita kwenye valvu, bwana, ile sauti huwezi kuipata kwenye haya maboksi ya siku hizi, hapo sibishani na mtu.

Jumamosi nikapanda meli ya Clarias, begi lina bisibisi, mita, tochi na sukari kilo mbili za bibi, masaa kama matatu ya ziwa, nikashuka Nansio nikachukua boda mpaka kijijini. Shikamoo, marahaba, chai, habari za Mwanza, nimekaa nusu saa nzima sijaonyeshwa kitu na kuuliza naona aibu. Mwisho bibi akasema haya njoo uone, akanipeleka jiko la nje.

Iko pale. Uso imeupa ukuta, juu kuna ungo wa mihogo mikavu, moshi umeipaka rangi mpaka hujui ngozi ilikuwa nyeusi au kahawia. Ubao wa nyuma wa chini haupo, na ndani, mahali ambapo ubao ungekuwa unaficha, kuna kuku. Tetea mwekundu, amevimba, ananiangalia kwa jicho moja kama askari wa getini.

"Huyo usimguse," bibi akasema. "Leo siku ya nne analalia. Mayai kumi na moja."

Nikamwambia bibi nataka kuigeuza kidogo tu nione uso. Akasema we mjukuu hujasikia?

Basi nikalala kifudifudi kwenye majivu nikawasha tochi. Kwanza nikahesabu valvu, zinaning'inia kutoka juu kama popo, tisa. Mbili nene za 6V6, moja nene ya GZ34 ile ya kunyoosha umeme, na ndogo sita zenye vifuniko vya bati. Na chini, kuku kakaa juu ya mfuko mweusi wa plastiki umepigiliwa skrubu kwenye sakafu ya boksi. Nilipouona ule mfuko moyo ukaruka, maana humo ndimo linamokaa bati lenye springi za riverbu, sauti ya gitaa inapitishwa kwenye springi inarudi na mwangwi kama uko kanisani. Kuku wa watu alikuwa amechagua godoro la Fender, wale Wamarekani wa magitaa na ampu. Valvu mbili za 6V6, springi, spika moja ya inchi 12, kwa hesabu hiyo ni Deluxe Reverb, hamna kingine, wati 22. Lakini ya lini?

Hapa ndo utamu wa huu ugonjwa ulipo, niwaeleze kidogo. Kwenye chuma cha spika kuna namba imegongwa muhuri, nikasoma 465-420. Hizo 465 ni kiwanda, Oxford, angekuwa Jensen ingeanza 220. Halafu 4 ni mwaka unaoishia na nne, na 20 ni wiki. Sasa nne ipi, ya 1954, 1964 au 1974? Ya 1954 haiwezekani, kipindi hicho Fender hawajaanza kuweka riverbu ndani ya ampu, Deluxe Reverb yenyewe imetoka 1963. Ya 1974 ingekuwa na paneli ya rangi ya fedha mbele. Nikapitisha simu pembeni, kati ya ampu na ukuta, nikapiga picha bila kuona, ya kwanza ukuta, ya pili kidole, ya tatu ikatoka: paneli nyeusi, na maandishi madogo Fender Elect. Inst. Co. Hilo ndo jina la kampuni kabla CBS, wale wa televisheni ya Marekani, hawajainunua Januari 1965! Mwili ukanisisimka pale kwenye majivu.

Imefikaje Ukerewe? Bibi alisema mumewe alipewa na padri Mmarekani wa upande wa Musoma, akawa anapigia kwenye bendi yao, harusi na sikukuu, inabebwa kwa mtumbwi pamoja na jenereta na transfoma moja nzito ya kushusha umeme, maana hii ni ya volti 117, ukiichomeka kwenye 230 yetu moja kwa moja unachoma kila kitu. Transfoma ilishauzwa chuma chakavu. Nilinyamaza kidogo kuiombolezea.

Kilichobaki ni mwezi. Ukutani kwa ndani wanabandika karatasi inayoonyesha kila valvu inakaa wapi, na juu yake wanagonga herufi mbili, ya kwanza mwaka, A ni 1951 unahesabu kwenda mbele, ya pili mwezi, A ni Januari. Karatasi naiona, imekaa pembe ya mkia wa kuku. Nikanyoosha mkono na simu. Alinidonoa mara tatu, ya tatu ilitoa damu, nikapiga picha moja nikatoka nikajiambia nitasoma vizuri nikija kuichukua.

Bei sasa. Nilimwambia bibi ukweli, siyo wote, lakini ukweli, kwamba Ulaya na Marekani watu wanatoa maelfu ya dola kwa kitu hiki. Akacheka akaniuliza, "Hizo dola ziko hapa Nansio?" Tukakubaliana laki tatu, na mimi nimletee banda la kuku la mbao, kwa sababu namnyang'anya kuku wake nyumba. Na siyo leo. Kuku anatotoa siku ya 21, bado 17, nirudi.

Zile siku 17 sikufanya kazi ya maana. Nilimchorea seremala wa mtaani banda mpaka akanichoka. Na sikumwambia bibi kitu ambacho nilipaswa kumwambia, yaani usiiguse. Haikunijia kabisa, iliishi jikoni miaka nani angeigusa?

Narudi, banda juu ya boda limefungwa kwa mipira, nakuta ampu iko uani juu ya mkeka, juani, inang'aa. Bibi amesimama pembeni anatabasamu. "Nimekuogeshea mjukuu wangu, usingeweza kuingia nayo melini na mavi ya kuku, watu wangesema nini." Alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga, nje na ndani, na kwa vile alikuwa mtu wa kufanya kazi vizuri alichomoa valvu zote tisa akaziosha kwenye beseni, zilikuwa zimepangwa kwenye ungo kama glasi za harusi. Bila hata herufi moja. Maandishi ya valvu za zamani yanafutika hata kwa kidole, sembuse sabuni. Na ile karatasi ya ukutani ilikuwa doa la gundi.

Nikasema asante bibi. Ungesema nini?

Nyumbani Mabatini niliiacha ikauke wiki mbili, nikabadilisha kapasita za umeme maana za miaka 50 huziamini, nikanunua stepdauni, nikaiwasha kwa kuunganisha balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme, kama kuna shoti balbu inawaka yenyewe na ampu inapona. Kazi ilikuwa kwenye valvu. Zile nene hazina shida lakini hizi ndogo, 12AX7 na 12AT7, zikishafutika majina ni mapacha, nne za aina moja na mbili za nyingine, na kila moja ina kiti chake. Nilikaa usiku mzima nachomeka nachomoa nasikiliza ipi inakuza zaidi. Spika ndo ilikufa, karatasi ilikauka imejikunja upande, ukiisukuma inakwaruza, nikaweka nyingine na Oxford nikaitundika ukutani.

Transfoma zake zina namba 606-418, Schumacher, wiki ya 18 ya 1964, zinaelewana na spika. Kwa hiyo ni Mei au baadaye. Nilirudi kwenye ile picha moja, nikaikuza mpaka ikawa vipande vipande. Kuna N, safi kabisa, 1964. Herufi ya pili iko nyuma ya mkia wa kuku.

Siku ya kwanza inafanya kazi nilichomeka gitaa nikapiga waya mnene wa juu, riverbu ikaitika, na kutoka ndani ya boksi likapeperuka unyoya mwekundu likatua kwenye kandambili yangu. Ule mfuko wa springi mpaka leo sijaubadilisha, ni wenyewe wa kiwandani. Ukipiga nusu saa, valvu zikipata moto, chumba kinanuka kuku.