Huyu ni nani?

Kibao chenyewe kilikuwa cha bati, kimepigiliwa kwenye mwembe ulio njiani kwenda chuoni kwetu: KUKU CHOTARA WANAUZWA, na chini yake namba ya simu. Ilikuwa mwaka 2017, Dar es Salaam kila mwenye kiuwanja nyuma ya nyumba anafuga Sasso au Kuroiler. Wenzangu darasani wakakipiga picha, wakaitupa kwenye kundi letu la WhatsApp. "Ndugu zako wamepata soko," mmoja akaandika. Nilicheka, maana kilichekesha kweli. Usiku kitandani nikawa nahesabu: kuku chotara, ng'ombe chotara, mbegu chotara. Popote palipochanganywa kitu na kitu ili kitage zaidi au kikamuliwe zaidi, neno ni lilelile nililoitwa tangu chekechea.

Na kwa haki hata silistahili. Chotara ni mama. Baba yake alikuwa Mgiriki, msimamizi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza; mama yake, yaani Bibi yangu, ni Mbondei, na baba yangu mimi ni Mbondei vilevile. Kwa hiyo nina robo tu, ila robo yenyewe imeamua kukaa yote usoni. Vijana wa Mombasa tuliokuwa nao hosteli walikuwa wakiniita Pointi, kutokana na ile pointi faivu yao yenye maana ya nusu. Niliwaambia wakitaka kuniita kwa hesabu, basi hesabu waipige vizuri.

Nilikuwa namaliza mwaka wa pili, nasomea grafiki, na tulitakiwa kuanza kutafuta wazo la mradi wa mwisho. Mimi nililipata mwembeni. Nilitaka kuchapa bango kubwa la ngozi za ukoo wetu, kuanzia ya Bibi hadi za wapwa zangu, kila ngozi na asilimia zake za wino: siani kiasi hiki, majenta kiasi hiki, njano, nyeusi. Mwalimu aliyenisimamia, mama mpole wa sauti na mkali wa kalamu, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akanigeuzia kompyuta yake. Kuna mpiga picha wa Brazil, Angélica Dass, ambaye tangu mwaka 2012 anapiga watu picha, anachukua rangi kutoka puani mwa kila mtu, anaipaka nyuma yake yote, chini anaandika namba ya rangi hiyo katika mfumo wa Pantone. Maelfu ya watu, nchi chungu nzima.

"Rangi zimeshapimwa, baba," mwalimu akasema. "Ila wewe una miaka miwili hapa, na wapishi wa kantini siku ukivaa tai bado wanakusalimia kwa Kiingereza. Hilo kalitafute."

Nilinuna siku mbili. Lakini la tai lilikuwa kweli.

Nikaazima nguo nne. Kanzu na kofia kwa jirani wa hosteli. Shati la kitenge kwa kaka mmoja aliyekuwa anaimba bendi. Shati la kaki la mifuko miwili, lile wanalovaa watu wa kupima ardhi, kwa rafiki yangu aliyekuwa anasomea fani hiyo. Ovaroli nikaipata gereji, imelowa grisi mpaka inasimama yenyewe. Tukapiga picha zote nne siku moja, saa nne asubuhi, ukuta mmoja, kamera kwenye kiti haijasogezwa. Uso uleule, sicheki wala sinuni. Kila picha ingechapwa kadi kumi na sita, na nyuma ya kila kadi palikuwa na nafasi ya mpita njia kuandika.

Hapo kwenye kuandika ndipo nilipobabaika. Kadi ya kwanza niliyosanifu ilikuwa na visanduku vya kutia tiki: Mwafrika, Mwarabu, Mhindi, Mzungu, Chotara. Niliiga fomu ya sensa ya Uingereza ya mwaka 2011, ambayo dada yangu aliyeko Leicester aliwahi kunipigia picha akiuliza kwa utani robo inatiwa tiki wapi. Fomu za kule zilianza kuweka visanduku vya waliochanganya mwaka 2001, vinne kwa mpigo. Nyumbani kwetu nako tulikuwa na makaratasi ya namna hiyo enzi za mkoloni: uchaguzi wa mwaka 1958 kila mpiga kura alitakiwa achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ndiyo ile kura tatu iliyowatoa watu jasho kwenye mkutano wa TANU wa Tabora. Nafasi ya nne haikuwepo. Mwalimu akavitazama visanduku vyangu, akavichora mstari mmoja mrefu. Tukabaki na swali la maneno matatu: Huyu ni nani?

Kuchapa nilienda Kariakoo, duka nisilolitaja. Fundi akanikabidhi bahasha huku anatabasamu. "Nimekusafisha kidogo, bosi." Nikafungua. Shavu langu limekuwa kama yai lililomenywa. Kadi zote 64 amezing'arisha, mpaka grisi ya ovaroli imegeuka kama maziwa ya chai. Sikumlaumu sana, ndivyo picha za harusi na za pasi zinavyotengenezwa mtaani, na mteja asiposafishwa ndiye anayelalamika. Tena mambo hayo yana mizizi. Kwa miaka na miaka Kodak walikuwa wakizipelekea maabara za picha kadi ya mwanamke wa Kizungu, maarufu kwa jina la Shirley, ili mafundi walinganishie rangi kwake. Akitoka vizuri yeye, basi picha imekaa sawa. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kuonekana miaka ya 1990. Nikalipa mara ya pili, nikasimama nyuma ya fundi mpaka kadi ya mwisho ikatoka. "Hapo umekuwa mchafu," akanionya.

Nilichagua kuifanya kazi Tanga. Ni kwetu, lakini mama alituhamishia Dar nikiwa mdogo, kwa hiyo nje ya mtaa wa Bibi hakuna anayenijua kwa sura. Ilikuwa mwisho wa Agosti. Wiki chache nyuma, tarehe 5, Rais Magufuli na Rais Museveni walikuwa wameweka jiwe la msingi la bomba la mafuta pale Chongoleani, bomba la kutoka Hoima, Uganda, na mji mzima ulikuwa unazungumza bomba. Kumbe nimechagua shati la kaki katika mwezi wake.

Tulikaa karibu na soko la Mgandini, Ngamiani. Kadi hakuzishika mwandishi wa habari hizi, maana sura yangu ingejibu swali. Alizishika binamu yangu, msichana ambaye angeweza kumuuzia samaki mvuvi. Kila mpita njia anachomoa moja bila kuchagua, anaandika au anamtajia binamu aandike. Mimi nilikuwa hatua kama kumi hivi, kwenye benchi la wanywa kahawa, kofia nimeishusha machoni, nasikiliza watu wakinijadili. Muuza kahawa anagonga vikombe, kashata inapita, na mimi nimeshika kikombe kimoja tangu saa mbili.

Kanzu ilikuwa rahisi. "Mwarabu." "Mwarabu." "Mshihiri." "Ustadhi, atakuwa wa Unguja." Mama mmoja mwenye kapu la mbilimbi akasema huyu ana duka la halua, halafu akamuuliza binamu kama ameoa.

Kitenge kiliwachanganya. Mmoja aliandika "Mkongo, msanii". Mwingine, "Mmarekani mweusi amerudi kutafuta kwao". Hapo ndipo neno chotara lilipotokea mara mbili. Kwenye kanzu lilitokea mara moja, na kwingine kote hakuna. Nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka ishirini na mbili nikidhani limeandikwa kwenye paji la uso, kumbe katika kadi 64 limenipata mara tatu.

Kaki sasa. "Mzungu." "Mzungu wa bomba." "Mtu wa bomba, muulize ajira." Kijana mwenye baiskeli akashuka kabisa, akampa binamu namba yake ya simu amfikishie huyo bwana.

Na ovaroli. Aliyechomoa ovaroli hakukodoa macho hata kidogo. "Fundi." "Fundi gereji." "Fundi pikipiki." Kadi 16, na hakuna aliyenipa rangi, kabila wala nchi. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua juani aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akachukua kalamu mwenyewe, akaandika polepole huku anatamka: "Huyu namjua. Mwizi. Arudishe kabureta yangu." Benchi zima likacheka. Mimi nikainamisha kichwa kwenye kikombe, maana niliona ananitazama.

Baadaye kwenye ripoti mwenzangu mmoja alinishauri niandike kwamba kazi inaondoa ubaguzi, ushahidi ni ovaroli. Sikuandika. Kwa ovaroli ile nilipewa uenyeji na wizi kwa pamoja, na kwa kaki nilipewa ugeni na mshahara. Asiyeona biashara iliyo hapo hataki tu kuiona.

Jioni tukarudi kwa Bibi. Nikazimwaga kadi juu ya mkeka kuzipanga mafungu manne. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea.

"Shikamoo nilishakupa asubuhi, Bibi, lakini pokea nyingine kwa niaba ya hawa," nikatania.

"Marahaba yao. Kumbe mmekuwa wengi."

Akaanza na kanzu. "Umependeza. Maulidi uje nayo hii." Ovaroli akaikunjia pua: "Huyu nguo zake amfulia nani?" Kitenge akakiruka. Kisha akachukua ya kaki, akanyamaza. Nilidhani hajaiona vizuri, nikamsogezea taa. Akawa anapitisha kidole gumba shingoni kwenye picha, pale penye kola, huku na huku, kama mtu anayefuta vumbi.

"Cha juu hakuwa akikifunga," akasema. "Wewe umekifunga."

Binamu akanitazama. Hakuna aliyeuliza nani. Katika nyumba ile jina la babu halitajwi, si kwa kukatazwa, ila kama vile kisima kilichofukiwa watu wakakizoea. Tunachokijua watoto ni kidogo: baada ya Azimio la Arusha, mwaka huohuo wa 1967 mashamba mengi ya mkonge yalipotaifishwa, aliondoka, na mama alikuwa na miaka mitano. Aliwahi kuniambia mama kwamba anachokumbuka ni harufu ya makapi ya mkonge kutoka korona, ile mashine ya kuchakatia mkonge, na mtu mrefu anayemnyanyua. Picha yake hakuna hata moja. Nilijua hakuna, lakini kujua huko kulikuwa kwa maneno tu mpaka nilipomwona Bibi ameishika kadi ile kwa mikono miwili.

"Huku nyuma wameandika nini?" akauliza, akaigeuza. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono tangu Ramadhani.

Nikaichukua. Kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu mwenye haraka: "Mzungu tu. Hapa hana mtu."

"Mtu wa bomba," nikasoma.

"Bomba gani tena?"

"La mafuta, Bibi. Chongoleani."

"Aa." Akaipokea tena, akaitazama upande wa picha. "Hii mtaihitaji?"

Nilikuwa nazihitaji zote 64. Nilikuwa nimeshapanga safu nane kwa nane, kila kadi na pini yake, na nilikuwa nimemwandikia mwalimu hivyo. Nikamwambia hapana, zimezidi. Akaiingiza kwenye mto wa foronya alikoweka hati ya kiwanja na kadi ya kliniki, akarudi kwenye mchele wake.

Maonyesho yalikuwa mwaka uliofuata. Ningeweza kuchapa nyingine, mwandiko ningeuiga, nani angejua. Sikuchapa. Nilipigilia pini zote 64 nikatundika kadi 63, na pini moja, safu ya tatu kutoka juu, ikabaki tupu. Wageni wengi hawakuiona. Mtahini kutoka nje aliiona kabla hajamaliza kuvaa miwani.

"Hapa pamekaaje?"

"Ilipotea, mwalimu."

"Kazi ya namba, na wewe unapoteza namba," akasema, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Kisha akasogea kwenye safu za ovaroli, akainama kusoma moja kwa karibu, na nikaona mabega yanaanza kumtikisika. Alikuwa amefika kwenye kabureta.