Chupa Sita Zilizofichwa Majina

Ghent, Jumapili

Jana usiku tulikunywa mivinyo myekundu ya zamani bila kujua ni ipi, na leo, karatasi yangu ya alama ikiwa bado mezani, kinachonishughulisha si nani alikisia vizuri, bali ni namna alama zenyewe zilivyopinduka kati ya saa mbili usiku na saa nne na nusu. Kila mmoja wetu alipanga chupa mara mbili, kwanza baada ya kumiminiwa tu na tena baada ya chakula, na mipango hiyo miwili inasomeka kana kwamba imeandikwa na watu wasiowahi kukaa meza moja.

Masharti yaliwekwa na mwenyeji wetu, Mbelgiji aliyerithi kwa baba yake chumba cha chini ya nyumba chenye chupa nyingi kuliko anavyoweza kuzinywa peke yake. Kila chupa ilipaswa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 20, na zote ziwe za Cabernet Sauvignon au za Merlot, aina mbili za zabibu zinazochanganywa sana kule Bordeaux, Ufaransa, isipokuwa chupa moja ambayo aliiweka kama mtego. Zilisimamishwa wima tangu Ijumaa ili mashapo yashuke chini. Shemeji yetu, yaani mke wake, ndiye aliyekuwa mmiminaji, kwa sababu ni mjamzito na kwa sasa hanywi. Aliyafanya yote jikoni, mlango ukiwa umefungwa: vizibo vikuukuu alivitoa kwa kizibuo chenye ndimi mbili zinazopenya kandokando ya kizibo bila kukitoboa, akaweka taa ndogo chini ya shingo ya chupa, akamimina taratibu ndani ya jagi la kioo na kuacha mara tu uzi mweusi wa mashapo ulipofika begani. Majagi yakaja mezani yakiwa na namba tu. Wako wanaozivisha chupa soksi na kudhani wameficha, lakini chupa ya Bordeaux ina mabega ya mraba ambayo mkono huyatambua hata kupitia kitambaa.

Rangi, hata hivyo, haikufichwa, na kwa mivinyo mizee rangi husema mengi. Mvinyo mwekundu mchanga huwa na wekundu wenye zambarau ndani yake, na kadiri unavyozeeka ndivyo unavyopauka, kuanzia ukingoni mwa glasi ambako hugeuka kuwa rangi ya tofali. Nilipendekeza tuzime taa tubaki na mishumaa, nikakataliwa. Nilikuwa na sababu: mwaka 2001 ilichapishwa taarifa ya jaribio lililofanywa Bordeaux, ambapo wanafunzi 54 wa fani ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Pua husikiliza sana jicho linavyosema.

Namba moja ilikuwa mtego, na haikunichukua muda kuushuku. Mimi nimekulia Tanga, na harufu iliyopanda kutoka kwenye ile glasi ilikuwa ya nazi, si nazi mbichi bali ile iliyokwisha kukunwa na kuanza kukauka kwenye sinia, ikifuatwa na vanila na ngozi ya mkoba wa zamani. Harufu hiyo haitoki kwenye zabibu bali kwenye pipa, hasa pipa la mwaloni wa Marekani, na wanaoendelea kuutumia kwa wingi kwa mvinyo wa kukaa muda mrefu ni wazalishaji wa Rioja, kule Hispania. Ndivyo ilivyokuwa: Gran Reserva ya mavuno ya 1994, daraja ambalo kwa kanuni za Rioja lazima likae angalau miaka mitano kabla ya kuuzwa, miwili kati yake ikiwa ndani ya pipa. Tangu mwanzo hadi mwisho wa usiku haikubadilika sana. Ni mvinyo uliofanyiwa uzee wake nyumbani kabla ya kutoka, na kwa hiyo haukuwa na jipya la kutuonyesha. Niliuweka wa pili mara zote mbili.

Namba mbili iliwateka wote katika duru ya kwanza. Ilikuwa laini, tamu bila sukari, yenye forosadi na kakao, na hakuna aliyesita kuipa nafasi ya kwanza. Namba tatu ilikuwa kinyume chake. Pua yake ilikuwa imejifunga kabisa, na mdomoni ulibaki ukakasi mtupu, ule unaoupata ukiuma bibo ambalo halijaiva, ulimi ukashikana na kaakaa. Rafiki yetu wa Lubumbashi, ambaye ni mhandisi na hapendi maneno mengi, aliandika "bado" kwenye karatasi yake na kusukuma glasi pembeni. Namba tano tuliidhania Bordeaux sote, na mjadala ukawa ni wa kijiji gani. Namba sita ilinipendeza kupita nilivyotarajia, kwa harufu ya tumbaku na majani makavu, nyepesi, yenye adabu.

Namba nne nimeiacha kwa makusudi. Shemeji alipoileta alisema tu, "Hii mtaniambia wenyewe," akasimama nyuma ya kiti cha mumewe akitutazama. Ilikuwa na harufu ya boksi la karatasi lililoachwa kwenye stoo yenye unyevu. Ugonjwa huo husababishwa na kemikali iitwayo TCA, inayozalishwa na kuvu pale wanapokutana na viambata vya klorini kwenye gome la mwaloni linalotengenezewa vizibo, na kiasi chake kinachotosha kuharibu chupa hupimwa kwa nanogramu chache tu kwa lita. Kosa si la mkulima, na jina la chupa tulikubaliana lisitajwe hata baada ya mafumbo kufumbuliwa. Shemeji alikuwa ameinusa jikoni na kujua papo hapo, naye pekee mezani hakuonja tone. Mmoja wetu, nisiyemtaja, aliisifu kwa "harufu ya msitu" kabla ya kugundua wenzake wamenyamaza.

Kikaja chakula: bega la kondoo lililokaa ndani ya oveni tangu mchana, maharage meupe, na mkate. Mhandisi aliuliza pilipili iko wapi, akajibiwa kwamba imefichwa hadi wakati wa jibini, naye akalipokea jibu hilo kama mtu aliyevunjiwa heshima. Mwenyeji alikuwa na haki, kwani pilipili huuzidishia mvinyo ukali na kufuta yale manukato dhaifu ya uzeeni. Nyama ya mafuta, kwa upande wake, husaidia. Ukakasi unatokana na tanini, viambata vya maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuufanya mdomo ukauke; ukizipa tanini protini nyingine za kushikana nazo, ulimi unapumua. Ndani ya chupa kuna kazi kama hiyo inayofanyika polepole kwa miaka mingi: tanini na rangi huungana kuwa minyororo mirefu, mingine ikaanguka chini kuwa yale mashapo ambayo shemeji alikuwa akiyaviziavizia kwa taa.

Katikati ya chakula mazungumzo yalihamia Paris. Tarehe 24 Mei 1976, Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, aliwaonjesha waamuzi wa Kifaransa mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kuwaonyesha chupa, na kwa upande wa mivinyo myekundu ikashinda Stag's Leap ya California, ya 1973, mbele ya Mouton Rothschild ya Ufaransa, ya 1970. Habari hiyo husimuliwa sana. Isiyosimuliwa sana, na ambayo kwangu ndiyo nzito, ni ile ya 2006. Wafaransa walikuwa wamejitetea kwamba mivinyo ya California inapendeza ikiwa michanga tu na kwamba wakati ungewapa wao haki. Kwa hiyo miaka 30 baadaye mivinyo ileile myekundu ilionjwa tena London na Napa. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Monte Bello ya Ridge, ya 1971, ambayo mwaka 1976 ilikuwa ya tano. California ilishika nafasi zote tano za juu. Wakati ulitoa hukumu, lakini si ile iliyotegemewa.

Tulipozirudia glasi zetu, jambo lilelile lilikuwa limetokea mbele yetu kwa kipimo cha saa mbili na nusu. Namba tatu ilikuwa imefunguka. Kwanza ilitoa mti wa mwerezi, ile harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, kisha tunda jeusi likajitokeza nyuma yake, na ule ukakasi uliotukera ukawa uti wa mgongo unaoibeba ladha hadi muda mrefu baada ya kumeza. Mhandisi alifuta lile neno lake na hakuandika jingine. Namba mbili ilibaki nzuri ila ilikuwa imekwisha kusema yake yote. Namba sita ilikuwa imekufa: tumbaku imekwenda, na mahali pake palikuwa na chai baridi na uchachu. Namba nne, kama ilivyo kawaida ya maradhi yake, ilinuka zaidi kadiri hewa ilivyoiingia.

Majina yalipotajwa, namba tatu ilikuwa ya Pauillac, kijiji cha Bordeaux, mavuno ya 1996, mwaka uliowapendelea wenye Cabernet upande wa magharibi wa mlango wa mto Gironde, na namba mbili ya Saint-Émilion, pia ya Bordeaux, mavuno ya 1998, mwaka uliowapendelea wenye Merlot upande wa pili. Namba sita ilikuwa ya Médoc, hukohuko Bordeaux, mavuno ya 1997, mwaka unaokumbukwa Bordeaux kwa bei zake kuliko kwa ubora wake. Namba tano, ile tuliyoigombania kijiji, haikuwa ya Ufaransa hata kidogo. Ilitoka Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 1995, wakati mivinyo ya huko ilikuwa ndiyo kwanza inarudi kwenye meza za Ulaya baada ya vikwazo. Niliulizwa kama za Dodoma nazo zingeweza kukaa hivyo. Nilijibu ninavyoamini, kwamba mvinyo wa Makutupora ninaoufahamu hutengenezwa ili unywewe mapema, kutoka kwenye mizabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka, na kwamba haudaiwi kuzeeka ndipo uheshimiwe.

Mwenyeji ameniandikia asubuhi hii kwamba mara nyingine atamimina kila kitu muda wa saa tatu kabla ya wageni kufika, ili Pauillac nyingine isitufanyie kiburi. Nimemjibu kwamba kwa chupa yenye nguvu ninakubali, lakini kwa dhaifu kama ile ya 1997 tungekuta chai baridi mezani na tusingejua kamwe kwamba ilikuwa na nusu saa yake nzuri. Tatizo ni kwamba mwenye kumimina hawezi kujua ipi ni ipi kabla ya kunusa, na sisi tumekatazwa kuingia jikoni. Shemeji, ambaye pua yake haijakosea hadi sasa, amesema aachiwe yeye uamuzi, maadamu bado ana miezi mitatu ya kutokunywa.