Cheche za vidoleni, Magdeburg

Jamani, baridi yangu ya kwanza huku Ujerumani nilidhani jengo letu lina hitilafu ya umeme. Nikishika kitasa, nachomwa. Nikifunga mlango wa gari, nachomwa. Usiku nikivua sweta gizani naona vicheche vya buluu vinaalika kama chumvi ya mawe bibi anapoitia motoni kukuondolea kijicho. Siku moja nikampa mkono mama mmoja mzee wa ghorofa ya tatu, tukaruka wote wawili. Akacheka, akasema neno moja tu: "Guericke!"

Jina nalijua, chuo kikuu cha hapa kinaitwa hivyo. Sikujua linahusiana vipi na kidole changu.

Otto von Guericke alikuwa meya wa Magdeburg, mji ulioteketezwa vitani mwaka 1631. Katika kitabu alichokichapisha 1672 anaeleza alivyoyeyusha salfa, akaimimina ndani ya chupa ya duara kama kichwa cha mtoto, ikapoa, akavunja kioo. Lile donge akalipitisha mhimili wa chuma, akawa analizungusha huku kalishika kwa kiganja kikavu. Likavuta unyoya, kisha likausukuma, unyoya ukabaki unaelea hewani naye akiuswaga chumba kizima kama kifaranga. Gizani liling'aa kidogo, na akilisogeza sikioni lilialika. Sweta langu hilo! Mwenyewe wala hakujua kwamba ni umeme. Alidhani donge linamwonyesha nguvu za dunia.

Wengi wanamkumbuka zaidi kwa farasi. Alitengeneza pampu ya kutoa hewa, akaijaribu kwanza kwenye pipa la mbao lililojaa maji. Hewa ikapenya kwenye mbao ikipiga mluzi. Akahamia tufe la shaba, likabonyea kwa kishindo. Mwisho akaunganisha nusu tufe mbili za shaba, upana kama sentimeta 50, akanyonya hewa ya ndani, na mwaka 1657 akafunga farasi wanane kila upande, hapahapa mjini. Wakahangaika. Hewa ya nje ilikuwa inazibana kwa uzito wa kama tani mbili. Ukifungua vali, zinaachana zenyewe. (Wanane wangetosha, upande wa pili ukafungwa ukutani, nguvu ni ileile. Lakini meya naye alijua watu wanataka kuona nini.)

Nyumbani Tanga sikuwahi kuchomwa hata siku moja, na sababu ni joto letu lenye unyevu: chaji ya umeme mwilini inapotea kabla haijajikusanya. Huku hewa ya baridi haibebi maji mengi, na hita ikishaipasha inakuwa kavu kama makumbi. Vaa viatu vya mpira, pita kwenye zulia, umekuwa donge la salfa.

Siku hizi nashika ufunguo na kuugusisha kwenye reli ya ngazi kwanza. Cheche inarukia pale, kidole hakisikii kitu. Mama wa ghorofa ya tatu naye hugusa reli upande wake. Ndipo tunapeana mikono.