Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa chekechea Njombe, msimu wa mafua

Saa 12:40 asubuhi. Julai ya Njombe haina mzaha, umande wa uwanjani unauma vidole. Kazi ya kwanza ni madirisha. Nafungua ya upande wa barabara na ya upande wa jiko, maana upande mmoja pekee haupitishi hewa ya kutosha. Watoto 34 wakishaingia, napunguza hadi upana wa kiganja, pande zote mbili. Wazazi hawapendi: "Mwalimu, watoto wanapigwa na baridi." Lakini mafua huletwa na virusi, na virusi hunufaika tunapojifungia chumbani tukipumuliana. Dawa ya baridi ni sweta na soksi.

Saa 1:10. Vibuyu chirizi vya kunawia mikono, vitatu, vya madumu ya lita 5. Tundu moja la msumari wa moto, chini kidogo ya shingo. Kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga, ili mkono mchafu usiguse dumu. Tundu likiwa kubwa maji yanaisha kabla nusu ya darasa haijanawa. Kifuniko kikikazwa sana hewa haiingii, maji yanatoka kwa kusuasua na mtoto anaondoka na povu mkononi. Chini namwaga kokoto, la sivyo ni tope. Sabuni ni ya mche, kipande kimetobolewa na kuning'inizwa, juu yake kifuniko cha kopo kuzuia mvua isikiyeyushe.

Saa 1:45. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, huku naangalia pua na macho. Kamasi nyepesi na mtoto anacheza? Anabaki. Aliyenyong'onyea namweka kipimajoto kwapani: nyuzi 37.5 na kuendelea anarudi nyumbani, na haji mpaka apitishe saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Mafua ya kawaida huja polepole. Homa ya mafua (influenza) humwangusha mtoto ghafla, naye huanza kuambukiza siku moja hivi kabla ya dalili. Ndiyo maana kuchuja mlangoni hakutoshi.

Anayehema haraka namhesabia pumzi dakika nzima, akiwa ametulia. Kwa hawa wa miaka 3 na 4, zikifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, ni kituo cha afya sasa hivi, si duka la dawa kununua amoksilini. Amoksilini haiui virusi.

Saa 3:50, kabla ya uji. Foleni ya kunawa. Wote wanasugua huku tukihesabu polepole mpaka 20: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, gumba, kucha. Gumba ndilo husahaulika. Kitakasa mikono cha spiriti nakitumia safarini tu. Virusi vya raino, vinavyoleta mafua mengi, havina lile ganda la mafuta ambalo spiriti hulivunja, ila sabuni na maji huvibandua. Taulo moja la darasa zima tulishaliondoa. Wanakung'uta mikono, wanakausha kwa hewa.

Kila mtoto na kikombe chake, chenye alama ya rangi.

Saa 5:00. Somo la kupenga kamasi (ndiyo, ni somo). Tundu moja kwa wakati, mdomo wazi, taratibu. Ukibana yote mawili na kupuliza kwa nguvu, kamasi inaweza kusukumwa kuelekea masikioni. Karatasi ikishatumika huenda kwenye ndoo yenye mfuniko. Leso ya kutwa nzima mfukoni siitaki: mkono unarudi humo mara ishirini, kisha unashika penseli ya mwenzake. Chafya ni kwenye kiwiko.

Saa 6:30 wanaondoka.

Saa 6:45. Vitasa, kingo za meza, vitofali vya plastiki. Kwanza maji ya sabuni, kwa kuwa uchafu hula nguvu ya klorini. Kisha dawa ya madoa ya klorini ya asilimia 3.5: mililita 30 kwa lita 1 ya maji baridi, iachwe dakika 10, halafu vitofali visuuzwe. Nachanganya ya siku hiyo tu, madirisha yakiwa wazi, na kamwe siichanganyi na dawa ya kusafishia choo, maana hutoa gesi yenye sumu.

Saa 7:30. Naukata mche mwingine wa sabuni vipande, natoboa, napitisha kamba. Karatasi za ndoo nazichoma nyuma ya jiko, nanawa, nafunga mlango.